Nundu Inayofungua Valvu: Kubadili Kamshafti ya Lori Nyumbani

Katika msimu wa kahawa, mtu asimamaye kando ya barabara itokayo Moshi kuelekea Marangu huyaona malori yakipanda mlima kwa gia ndogo. Baadhi yao hunguruma sawasawa. Mengine hutoa moshi mweusi, na ndani ya injini husikika mgongo wa chuma, tak, tak, tak. Dereva akiulizwa kulikoni, hujibu: "Ni mlima huu." Je, jibu hilo ni sahihi? Na kama si sahihi, je, yawezekana kuiponya injini hiyo uani nyumbani?

Mlima una lawama yake. Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 900 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 10 kuliko ile ya Tanga. Katika lango la Hifadhi ya Kilimanjaro lililoko Marangu, penye mita zipatazo 1,860, upungufu huo hufikia karibu moja ya tano. Injini isiyo na mtambo wa kushindilia hewa hupata oksijeni kidogo, na nguvu zake hupungua. Lakini hewa nyepesi huziathiri silinda zote kwa usawa. Mlima hauchagui silinda moja na kuziacha nyingine. Mgongo utokao mahali pamoja huashiria kasoro ya mashine yenyewe, na mara nyingine kasoro hiyo imo katika kamshafti.

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye nundu. Katika malori mengi ya zamani, kama vile Bedford, mhimili huo umelala ndani ya bloku ya injini. Nundu huinua tapeti, tapeti husukuma ufito, ufito huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka huigandamiza valvu ifunguke. Nundu ikishapita, springi huirudisha valvu mahali pake.

Injini ya mapigo manne hukamilisha kazi yake, yaani kuvuta hewa, kushindilia, kuchoma na kutoa moshi, katika mizunguko miwili ya krenki. Kwa kuwa katika muda huo kila valvu hufunguka mara moja tu, yafaa kamshafti izunguke nusu ya mwendo wa krenki. Ndiyo maana gurudumu lake la meno lina meno maradufu. Krenki ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,000, yaani karibu mara 17 kwa kila sekunde. Si ajabu basi kwamba nundu huchakaa. Uso wake umekazwa kwa moto hadi kina kidogo tu. Oili chafu ikiula uso huo, chuma laini kilicho chini yake huliwa upesi. Nundu iliyopaswa kuinua milimita 7 ikiinua 5, valvu ya hewa haifunguki vya kutosha. Dizeli hukosa hewa ya kuiunguza yote, na masalio yake hutoka kama moshi mweusi.

Kazi ya kubadili kamshafti huhitaji subira kuliko nguvu. Fundi huondoa rejeta, kifuniko cha mbele, roka na fito. Kila ufito huwekewa namba, kwa sababu kila kimoja kimezoeana na mwenzake. Kisha hutokea fumbo zuri la fizikia: katika injini nyingine tapeti huingizwa kutoka chini, nazo hukalia kamshafti. Mhimili ukichomolewa, tapeti huanguka na kuziba njia. Mafundi hutegua fumbo hilo kwa kuigeuza injini kichwa chini, ili uzito wa tapeti wenyewe uziweke mbali na mhimili. Lakini tahadhari! Injini ya lori yaweza kufikia nusu tani. Isitundikwe kamwe kwenye tawi la mti au boriti ya nyumba, na mtu yeyote asiingie chini yake.

Kamshafti mpya huwekwa pamoja na tapeti mpya, kwani tapeti ya zamani iliyochimbika huiharibu nundu mpya. Kila nundu hupakwa mafuta mazito kabla ya kuingizwa.

Sasa tufikie jambo lenye hatari kubwa zaidi, nalo ni kulinganisha alama za meno. Tuchukue mfano wa krenki yenye meno 24 na kamshafti yenye meno 48. Kosa la jino moja ni nyuzi 360 ÷ 48, yaani nyuzi 7.5 za kamshafti, ambazo ni sawa na nyuzi 15 za krenki. Katika injini ya dizeli, pistoni ifikapo juu huacha nafasi ndogo sana, na kosa hilo laweza kuigonganisha na valvu.

Nakumbuka lori la jirani yetu mmoja wa Kibosho, lililofunguliwa chini ya turubai nyuma ya migomba. Kahawa yake ilikuwa ikingoja ghalani, na vijana walitaka kupiga stata mara moja. Fundi mzee alikataa. Alichukua spana ndefu, akaizungusha krenki kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili. Katika mzunguko wa pili spana iligoma. Hakuilazimisha. Alifungua tena kifuniko cha mbele, akakuta alama zimepishana jino moja. Laiti stata ingepigwa, valvu zingepinda, na mavuno ya mwaka ule yangeishia katika vipuri. Dakika tano za mkono ziliokoa ada ya shule ya watoto watatu.

Injini ikishawaka, isiachwe kwenye mwendo wa chini kabisa katika dakika zake za kwanza, kwa kuwa hapo oili irushwayo na krenki juu ya nundu ni chache. Nafasi za valvu hupimwa kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Mwalimu aweza kuionyesha kanuni hii darasani bila gharama. Kata nundu ya umbo la yai kwa kadibodi ngumu, itoboe na kuipachika msumari, kisha uegemeze penseli wima juu yake. Wanafunzi waizungushe kwa hatua za nyuzi 15, wapime kimo cha penseli kila mara, na wachore grafu. Kisha waipunguze ncha ya nundu kwa mkasi na kurudia vipimo. Tofauti ya grafu hizo mbili ndiyo moshi mweusi uonekanao katika barabara ya Marangu.