Mtoto Mnene, Je, Ana Afya?



Miezi mitatu iliyopita mama mmoja alituletea mtoto wake wa kiume wa miaka 9, anayekoroma usiku na kusinzia darasani. Tulimpima, akawa na kilo 52. Mama akatabasamu: “Namshukuru Mungu, huyu ana afya.”

Hatukumlaumu. Neno hilo sisi wauguzi tumelitumia sana. Kliniki tuliwahangaikia watoto ambao mstari wa kadi ulishuka. Uliopanda mno tuliusifu. Na mtoto akitimiza miaka 5 kadi huwekwa sandukuni, hapimwi tena mpaka augue.

Tulizungumza na mama huyo taratibu. Asubuhi chai ya sukari nyingi na maandazi, shuleni soda na biskuti, jioni televisheni mpaka usingizi. Shule ni mwendo wa dakika 15, lakini hupelekwa kwa bodaboda kwa kuogopa magari, na hofu hiyo si ya kudharau.

Soda ya mililita 350 huwa na karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Ni nani kati yenu angeweka vijiko 9 katika kikombe kimoja cha mtoto? (Hata sisi parokiani, siku ya Komunyo ya Kwanza, zawadi yetu ni kreti za soda.)

Unene uliozidi huumiza magoti, hupandisha shinikizo la damu, na huweza kuleta mapema kisukari tulichozoea kukiona kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto milioni 37 wa chini ya miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi.

Hata hivyo, akina mama, msimnyime mtoto chakula. Anakua bado, mara nyingi yatosha uzito usimame wakati kimo kinaongezeka. Ugali wa kiasi, mboga za majani, maharage, dagaa, matunda, na maji ya kunywa badala ya soda. Nyumba nzima ile hivyo, kwani mkimtenga peke yake atajifunza kula kwa kujificha. Acheze angalau saa 1 kila siku. Wala msimwite “kibonge” mbele ya wageni. Huwa anacheka, lakini anaumia.

Mtoto yule amerudi juzi. Kilo ni 52 zile zile, kimo kimeongezeka kidogo. Kukoroma bado, ila sasa huenda shule kwa miguu pamoja na wenzake watatu, na mama mmoja wa jirani huwavusha barabara.