Kurudisha Simu Kiwandani: Yajue Kabla ya Kubonyeza

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mtu anayempelekea fundi simu janja.

Hapa kwetu Sagalla, simu ikianza kukwama utasikia, "Si uteremke Voi, fundi airudishe kiwandani tu!" Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza, kurudisha simu kiwandani ni nini? Simu haipelekwi popote. Kumbukumbu yake ni kama nyumba ya kupanga. Kuta na paa ni mfumo unaoiendesha. Vyombo vya mpangaji ni picha, sauti, jumbe na programu ulizoweka. Ukibonyeza, vyombo vyote hutupwa, kuta zikabaki. Simu za siku hizi huficha vitu hivyo kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo nao hufutwa. Ndiyo maana hata fundi hodari hawezi kuvirudisha.

Je, pesa za M-Pesa? Usiogope, hazikai ndani ya simu, bali kwenye akaunti ya laini yako. Deni la Fuliza nalo halifutiki, enyi mliokuwa mmeanza kufurahi! Vilivyo kwenye kadi ya kumbukumbu kwa kawaida hubaki, lakini ni heri uitoe kadi hiyo mapema.

Kinachoniuma zaidi ni sauti. Kisagalla chetu kina wasemaji wachache na maandishi haba. Baadhi yetu tumewarekodi babu na nyanya zetu wakisimulia ngano na kutaja majina ya miti na chemchemi za mlimani. Picha ya shati jipya utapiga nyingine kesho. Lakini mzee akishatutoka, ni nani atakayeirudia ngano yake kwa sauti ile ile?

Basi fuata hatua hizi. Mosi, jaribu dawa ndogo: zima simu na kuiwasha, kisha ufute video usizozihitaji. Huenda ikapona. Pili, nakili picha na sauti kwenye kompyuta au simu nyingine, halafu uzifungue huko uhakikishe zinasikika. Majina ya watu yahifadhi katika akaunti yako ya Google. Tatu, hakikisha unalikumbuka neno la siri la akaunti hiyo. Tangu Android 5.1 ya mwaka wa 2015, simu nyingi zina kufuli: ikifutwa kwa vitufe vya pembeni, itadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kufuli hili humkomoa mwizi, lakini pia humkwamisha mnunuzi mwaminifu. Kwa hivyo ukiiuza simu, ondoa akaunti yako kwanza. Nne, jaza chaji, maana stima hapa hupotea bila kubisha hodi. Baada ya hapo, ingia kwenye mipangilio, utafute palipoandikwa kufuta data yote.

Wenzangu, simu mpya huuzwa Voi kila siku. Sauti ya nyanya haiuzwi dukani. Inakili leo, kisha ndipo ubonyeze.