Ukiita Msaada, Taja Mahali Kwanza

Mkulima wa Kitui au Makueni, unajua jinsi mito yetu ya mchanga inavyojaa kwa ghafula. Tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu, karibu na Mwingi, ulichukua basi la watu waliokuwa wakienda arusini, na zaidi ya watu 30 walikufa. Siku kama hiyo maneno machache yaliyo sawa yana faida kuliko kelele nyingi.

Piga 999 au 112; hulipi kitu. Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kwanza taja mahali, maana hata simu ikikatika watajua pa kuja. Mashamba ya skimu hayana majina ya barabara. Usiseme "kwa Mutua". Akina Mutua ni wengi. Taja lokesheni, soko au shule iliyo karibu, tena useme uko ng'ambo gani ya mto, kwa kuwa gari haliwezi kuvuka mto uliojaa.

Pili, sema jambo lililotokea na watu wangapi wameumia. Mtu akiumwa na nyoka, sema saa aliyoumwa. Asitembee, usimchanje wala usimfunge kamba.

Tatu, toa nambari ya simu yako, wala usikate mpaka uambiwe. Kisha tuma kijana barabarani na kitambaa cheupe, au tochi ikiwa ni usiku, awaonyeshe njia.

Andika nambari hizi leo mlangoni pa ghala. Siku ya hatari si siku ya kuzitafuta.