Vidole Vikigoma Jukwaani

Sisi tunaopiga muziki kwa kupenda tu, bila kuusomea wala kulipwa, tuna tatizo moja ambalo hatulisemi. Bwenini gitaa linalia vizuri, mpaka jirani anaomba urudie. Ukipanda jukwaani mbele ya watu mia mbili, vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Mimi napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya wanafunzi, huu ni mwaka wa tatu, na bado tumbo linanikata kabla ya kila onyesho. Tofauti ni kwamba sasa najua kinachoendelea mwilini, na kukijua kumenifaa kuliko ule ushauri wa "jiamini, bwana" ambao kila mtu anao mfukoni.

Kinachotokea ni hiki. Ubongo ukihisi hatari, hauulizi ni hatari ya aina gani. Simba porini, mhadhiri anayekutaja jina kwenye semina, macho ya watu mia mbili, vyote unaviweka kapu moja. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mate yanakauka. Damu inapungua kwenye ngozi na vidole, inapelekwa kwenye misuli mikubwa, ile ya kukimbilia. Mmarekani Walter Cannon aliandika juu ya maandalizi haya ya mwili, ya kupigana au kukimbia, tangu mwaka 1915. Sasa wewe hupigani wala hukimbii, umesimama tu na gitaa shingoni. Nguvu yote ile haina pa kwenda, inatokea kwenye mkono kama mtetemo.

Kwa hiyo vidole vya baridi si dalili kwamba huna kipaji. Vladimir Horowitz, mpiga piano aliyejulikana dunia nzima, aliacha maonyesho ya hadhara mwaka 1953 na hakurudi hadi 1965, na woga ulikuwa sehemu ya sababu. Pablo Casals, bingwa wa chelo, aliishi na hofu hiyo maisha yake yote na akaendelea kupiga. Hao walikuwa wanakula kwa muziki. Sisi wa kusubiri boom tuna haki ya kuogopa kidogo.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi tunavyojidanganya kuhusu watazamaji. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la kuchekesha. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kijana yeyote pale angeona aibu kuivaa, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Waliovalishwa walikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wataikumbuka picha ile. Walioikumbuka kweli walikuwa karibu robo. Na sisi ndivyo tulivyo: kodi moja ikikosewa unahisi ukumbi mzima umegeuka, kumbe nusu wanatafuta pa kukaa na wengine wako kwenye simu.

Kuna jambo jingine ambalo nilidhani ni maneno ya semina za motisha mpaka nilipolisoma vizuri. Alison Wood Brooks wa Harvard, katika utafiti wa mwaka 2014, aliwaimbisha watu karaoke. Kabla ya kuimba, baadhi walitakiwa kusema wana wasiwasi, baadhi kwamba wana msisimko. Wale wa msisimko waliimba vizuri zaidi. Hapo ndipo penye maana: moyo unaokwenda mbio hautulii kwa amri, ila unaweza kuupa jina jingine. Nyuma ya pazia siku hizi tunaambiana "nina mzuka", na mpiga ngoma wetu hulisema kwa sauti ya kuudhi kabisa.

Mazoezi nayo yana namna yake. Kujifungia chumbani saa tatu kunafundisha wimbo, hakufundishi kupiga huku moyo unadunda. Mimi hupanda na kushuka ngazi za ghorofa mbili mbio, kisha nashika gitaa nikiwa bado nahema na kuanza wimbo wa kwanza. Halafu tunahamia vimbweta jioni, watu watano wanasoma, wawili wanatuangalia kwa hasira. Hiyo ndiyo shule. Tuna sheria pia: ukikosea, marufuku kusimama. Na kila wimbo tunaweka vituo vitatu au vinne tunavyoweza kuanzia, maana anayeujua kuanzia mwanzo tu, akipotea katikati hana mlango wa kurudia.

Jioni ya onyesho lenyewe nafanya mambo machache. Napasha vidole joto kwenye kikombe cha chai. Navuta pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa kwa kuhesabu nane, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza kasi ya moyo. Kabla ya kodi ya kwanza naimba beti moja kichwani kwa mwendo wake, kwa sababu mtu mwenye adrenalini huanza wimbo haraka kuliko alivyozoea. Pombe siishauri, inapunguza woga na masikio kwa pamoja. Vidonge vya moyo, propranolol, ambavyo baadhi ya wanamuziki wakubwa hutumia, ni vya daktari. Mwenye pumu akivinywa kiholela anaweza kubanwa kifua vibaya.

Naandika haya kwa sababu mwimbaji wetu wa kike, sauti bora tuliyo nayo, amesema tamasha la mwisho wa muhula hatapanda. Amezoea kwaya, watu thelathini mstari mmoja, na sasa anatakiwa asimame na maiki peke yake. Hatumlazimishi. Tumekubaliana ataanza na wimbo wa tatu, watu wakishachangamka, akae kwenye kiti badala ya kusimama, nami niwe kushoto kwake karibu kabisa, nimwitikie kwenye kiitikio. Alhamisi saa kumi na moja tunajaribu vimbwetani. Amesema atakuja, ila tusimwambie mtu.