Unataka kufungua kiwanda kidogo cha bia? Anza na mtaro, wachana na matanki kwanza

Uko na mbogi yako, mmechanga doo, na form ni kupika bia yenu wenyewe, lita 500 kwa mpigo. Kitu ya kwanza kila msee huangalia ni matanki ya chuma yanayong'aa. Hapo ndipo chapaa huanza kuchomeka. Tanki unaweza kuongeza hata mwaka ujao. Lakini maji, stima, baridi na mtaro zikipangwa vibaya, utavunja simiti uliyomwaga juzi.

Mtaro. Kupika bia ni kuosha vyombo kuliko kupika, so sakafu italowa kila siku. Iinamishe kama sentimita 2 kwa kila mita, ielekee kwa mtaro, na ufanye hivyo kabla fundi hajaweka tiles. Mabomba ya plastiki ya kawaida hulegea yakipitisha maji moto, mwambie mapema. Maji machafu yana hamira, sukari na dawa kali ya kuosha, hayafai kumwagwa tu kwa sewer. Unahitaji tanki la kuyatuliza na ruhusa, NEMA ikiwemo. Machicha nayo ni doo: wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wa maziwa huyataka, bora yatoke haraka kabla hayajachacha.

Maji. Lita moja ya bia inaweza kumeza lita 7 za maji, nyingi zikiwa za kuosha. Kwa mpigo wa lita 500, hiyo ni lita 3,500. Na vile Nairobi mgao wa maji unatujua kwa majina, weka tanki la kutosha mipigo miwili. Maji ya mfereji yana klorini, na isipochujwa bia hunukia dawa ya hospitali. Maji ya borehole nayo, sehemu nyingi za Nairobi yana floraidi nyingi. Pima kabla hujalipa rent.

Moto. Hapa piga hesabu. Kutoa lita 500 kutoka digrii 20 hadi zichemke inakula karibu uniti 43 za stima, bila kuhesabu joto linalopotea. Ukitaka zichemke kwa saa moja, unahitaji kilowati 43. Laini ya nyumba ya ampea 60 inatoa kama 14, so utangoja zaidi ya saa tatu. Suluhu ni stima ya fezi tatu, ama upikie gesi au mvuke. Na Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, maji huchemka kwa digrii 94 hivi. Hopsi hutoa uchungu polepole kuliko Mombasa, so resipe ya mtandaoni usiimeze mzima mzima.

Baridi. Hamira ikifanya kazi hutoa joto lake yenyewe. Bia za aina ya ale hutaka kama digrii 18 hadi 20, lager kama 10 hadi 12. Ndio maana kuna chila inayozungusha glaikoli kando ya matanki. Maze, tumia ile ya chakula pekee. Ile ya kawaida ya rejeta ya gari ni sumu, na tanki likivuja ni mteja anaumia. Stima ikipotea, chila ndiyo ya kwanza kuwekewa jenereta. Na yale maji baridi yanayopoza bia iliyotoka motoni, yakitoka huwa moto sana. Usiyamwage, yaweke kwa tanki la mpigo unaofuata. Umeokoa maji na stima mara moja.

Hewa. Hii ndiyo noma zaidi. Lita 500 za bia ya asilimia 5 zikichachuka hutoa takriban lita 10,000 za gesi ya kaboni dayoksaidi. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na hujaa kuanzia chini. Chumba kidogo kilichofungwa kinaweza kumwangusha mtu, na beshte anayekimbilia kumsaidia aanguke pia. Weka feni ya kuvuta hewa karibu na sakafu na kifaa cha kupima gesi. Usiingie ndani ya tanki ukiwa solo, hata kama ni dakika moja ya kusugua.

So kabla mbogi ilipie tanki lolote, chukua karatasi mchore njia ya maji, stima, baridi, uchafu na hewa. Hiyo karatasi ni bei rahisi kuliko kuvunja sakafu, na ni bei rahisi zaidi kuliko kuzika beshte.