Tochi na Baridi ya Kilimanjaro

Wapandao Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hupumzika katika kibanda cha Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, kisha huamshwa karibu na saa sita usiku ili waanze hatua ya mwisho. Kwa muda wa saa sita hivi hupanda gizani juu ya kokoto zinazoteleza, wakikusudia kuufikia ukingo wa kasoko wakati jua linapochomoza. Katika saa hizo hawana nuru ila ile waliyoichukua wenyewe. Nuru hiyo ikififia njiani, mara nyingi tochi yenyewe haina kasoro yoyote. Kilichoshindwa ni betri.

Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii sita za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hivi. Basi usiku ambao wakazi wake wana digrii 20, kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, huweza kuwa na digrii 10 chini ya sifuri. Upepo haushushi joto la betri chini ya lile la hewa, lakini huifanya ipoe upesi zaidi.

Katika betri ya kawaida ya alkalini, umeme hutokana na mmenyuko wa kikemia baina ya zinki na oksidi ya manganizi, ndani ya ute wenye maji. Joto likishuka, mmenyuko huzorota na ayoni zinazochukua umeme hupita kwa taabu, kama mafuta ya nazi yanavyokataa kumiminika asubuhi ya baridi. Tochi hufifia, na mwenyewe hudhani betri imekwisha. Kumbe nguvu ingalimo, na betri hiyo ikikumbatiwa mwilini kwa muda hurudia kazi. Ni betri ngapi nzima zimetupwa mlimani kwa sababu ya kutojua jambo hili!

Betri za lithiamu zisizochajiwa hazina maji ndani yake, na hufanya kazi hata kwenye digrii 40 chini ya sifuri. Tena ni nyepesi: ya ukubwa wa AA ina gramu 15 hivi, hali ya alkalini ina 23. Bei yake ni kubwa, lakini kwa usiku huo mmoja inastahili. Zile za kuchajiwa, za jamii ya betri za simu, nazo hudhoofishwa na baridi. Na kuzichaji zikiwa chini ya sifuri huziharibu, kwa kuwa lithiamu hujikusanya ndani yake kama utando wa metali.

Taa yenyewe haina shida na baridi. Balbu ya waya ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kwa njia ya joto. Diodi za nuru nyeupe zilizochukua nafasi yake ziliwezekana baada ya Akasaki, Amano na Nakamura kuvumbua diodi ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi ikipoa hutoa nuru vizuri zaidi.

Wanunuzi wengi huhesabu lumeni tu. Lakini kumulika mara mbili ya umbali kwahitaji nuru mara nne, na betri ndiyo inayolipa. Kwa njia ya miguu lumeni 100 hadi 200 zatosha. Muda ulioandikwa kwenye sanduku nao usomwe kwa hadhari: kwa kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi, hupimwa katika joto la chumbani, mpaka nuru ibakie asilimia 10 ya ile ya mwanzo.

Jicho pia hudhoofika. Juu ya Uhuru kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na seli za jicho zinazoona gizani zina haja kubwa ya oksijeni. Zikishapofushwa na mwanga mkali huchukua hadi nusu saa kuzoea giza tena. Kwa hiyo tochi ya kuvaa kichwani iwe na nuru hafifu, na ikiwezekana nyekundu, ili anayegeuka kumtazama mwenzake asimpofushe.

Kandili na karabai zisiingie hemani kabisa: moto ni hatari, na monoksidi ya kaboni haina harufu.

Anayenunulia wageni tochi nzuri na kumwachia kiongozi wao tochi dhaifu amekosea hesabu, kwani macho ya kiongozi ndiyo yanayotafuta njia kwa wote. Betri mpya zitiwe kabla ya kuondoka Kibo, vidole vikiwa bado na hisi. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na ngozi.