USIKIMBIE MBIO NDEFU NA TUMBO TUPU



Vijana wengi wanaoshiriki mbio ndefu hulalamikia jambo moja. Wamefanya mazoezi kwa miezi, wamemaliza mbio salama, lakini siku chache baadaye wanaanza mafua, koo kuwasha na kikohozi. Wengine husingizia baridi ya asubuhi, wengine vumbi. Mwezi huu tutazame jambo hili, na hasa nafasi ya vyakula vya wanga.

Uchunguzi unasemaje?

Mwaka 1982 huko Cape Town, Afrika Kusini, watafiti Peters na Bateman waliwafuatilia wakimbiaji 150 wa mbio za Two Oceans, zenye urefu wa kilomita 56. Katika wiki mbili baada ya mbio, asilimia 33.3 yao walipata dalili za mafua au koo. Kati ya watu walioishi nao nyumba moja bila kukimbia, ni asilimia 15.3 tu. Baada ya marathoni ya Los Angeles, Marekani, mwaka 1987, David Nieman na wenzake walikuta kwamba asilimia 12.9 ya waliokimbia walisema wameugua katika wiki iliyofuata. Kwa wenzao waliojiandaa lakini hawakukimbia, ilikuwa asilimia 2.2.

Kinachotokea mwilini

Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Unapokimbia, misuli hutumia sukari iliyowekwa akiba ndani yake na katika ini. Mbio zikiwa ndefu, akiba hiyo hupungua. Sukari ya damu ikianza kushuka, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya kotisoli kwa wingi. Homoni hiyo huliamuru ini litoe sukari zaidi, lakini pia hupunguza makali ya askari wetu. Kwa saa kadhaa baada ya mbio, baadhi ya chembe nyeupe, yaani limfosaiti, huonekana chache kuliko kawaida katika damu.

Wanga husaidiaje?

Katika miaka ya 1990 Nieman aliwapima wakimbiaji waliokimbia saa mbili na nusu. Baadhi walikunywa maji yenye sukari asilimia 6. Wengine maji matamu yasiyo na sukari. Waliokunywa sukari walikuwa na kotisoli kidogo zaidi, na chembe zao nyeupe hazikuvurugika sana.

Hata hivyo, kipimo kizuri cha damu si sawa na kukingwa na mafua. Mwaka 2018 wataalamu Campbell na Turner wa Uingereza walieleza kwamba limfosaiti zinazopungua katika damu hazifi. Huenda kulinda sehemu nyingine kama mapafu. Walikumbusha pia kwamba msongamano wa watu, safari na kukosa usingizi huchangia maradhi haya. Basi wanga ni msaada, si chanjo.

Si lazima kununua vinywaji vya bei kubwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji mahiri 10 wa Kikalenjini nchini Kenya ulionyesha kwamba asilimia 76.5 ya nguvu waliyopata katika chakula ilitokana na wanga: ugali, wali, viazi, na chai ya maziwa yenye sukari.

Ufanye nini?

1. Kula vizuri usiku wa kuamkia mbio. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya kukimbia, pata uji au viazi vitamu.

2. Mbio zikizidi saa moja na nusu, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Tia vijiko vya chai 12 hadi 15 vya sukari na chumvi kidogo sana katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kunywa nusu lita au zaidi kwa saa, kidogo kidogo. Ndizi mbivu pia inafaa.

3. Baada ya mbio usikae na njaa. Kula wanga pamoja na maharage, mayai au maziwa.

4. Lala vya kutosha, nawa mikono, na usichangie chupa ya maji.

5. Ukiwa na homa, usikimbie kabisa. Baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na kukimbia katika hali hiyo kunaweza kuua. Nenda kituo cha afya ukapimwe malaria. Usidhani kila homa ni uchovu wa mbio.

Ushauri wa maji ya sukari si wa kila mtu. Anayetembea nusu saa kwa ajili ya afya yake hayahitaji. Mwenye kisukari amwone daktari wake kwanza kabla ya kuyatumia.

Wazazi na walimu wa michezo, kabla ya kumuuliza kijana amekimbia kwa dakika ngapi, muulizeni amekula nini.